Benchi la Wakorofi

Nilikomea darasa la pili. Nasema mapema ili asije mtu akatafuta humu maneno ya wasomi. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe: kusoma herufi kubwa, kuhesabu magunia, kusimamia watu. Hilo la mwisho ndilo nililolijua kuliko yote. Bandarini Kigoma nilianza kuli, nikaishia nyapara wa makuli, na genge langu lilipopakia meli halikudondosha gunia majini. Nyumba yangu ya Gungu imejengwa na mgongo huu. Sikupewa na mtu, sikurithi kwa mtu.

Mgongo ulipokataa kazi nikafungua chumba cha mbele, watu wakawa wanachaji simu. Baadaye fundi mmoja wa mjini akanishauri nifunge intaneti. Nikafunga. Ndipo wakaanza kuja wa gemu.

Mwanzo nilidhani ni mambo ya watoto. Wapi! Waliojaa kwangu walikuwa watu wazima wenye ndevu: madereva wa bodaboda, fundi viatu, muuza mitumba, hata mwalimu wa shule ya msingi ambaye alikuwa akija na madaftari hayajasahihishwa. Gemu lenyewe ni la watu watano kupigana na watano. Kila mmoja ana simu yake na mtu wake ndani ya simu. Mmoja ana upinde, mwingine panga, mwingine anaponya wenzake wakiumia. Mkiwa pungufu, simu yenyewe inawatafutia mtu wa kuwajazia, mtu msiyemjua, anaweza kuwa Mwanza, anaweza kuwa nchi za watu. Mnaongea naye humohumo kwa maiki. Mtu mmoja akizembea, wanne wanakufa naye.

Na hapo ndipo ugomvi ulipotoka. Mmoja anatoroka katikati ya mchezo kwa sababu abiria amempigia. Mwingine akifa mara mbili anasusa, anasimama tu kama mlingoti. Mwingine kazi yake ni matusi, tena ya nguoni, na mke wangu yuko nyuma ya pazia anachambua dagaa. Siku dereva mmoja wa bodaboda alipompiga fundi viatu kwa helmeti kwa sababu ya mtu wa kwenye simu, nikasema basi. Hapa kwangu patakuwa na sheria.

Sheria niliitoa bandarini. Pale, mtu mkorofi sikumfukuza. Ukimfukuza anakwenda kukusema. Nilimchukua mkorofi nikampanga na wakorofi wenzake, mvivu nikampanga na wavivu wenzake. Wabebe wao kwa wao. Mvivu akimwona mwenzake anakwepa gunia na yeye ndiye wa kulibeba, siku tano hazipiti, amenyooka. Basi nikaweka benchi nje, barazani. Mtu akilalamikiwa, namwambia aweke simu mezani, asimame, ajieleze. Kisha mikono inanyoshwa. Ikizidi nusu, anakwenda benchi siku saba, na huko atacheza na wa benchi tu. Hata tusi la kiasi gani, wa ndani hapangwi naye. Na kama kosa ni kubwa, wote tunamripoti ndani ya gemu lenyewe, maana gemu nalo lina adhabu zake. Wakimripoti watu wengi, wenye gemu wanaifunga akaunti yake.

Ilifanya kazi. Sitaki kuwa mnyenyekevu wa uongo. Katika wiki chache chumba kilitulia, mwalimu akasema, "Mzee, wewe ungekuwa mkuu wa shule tungeheshimiana." Nilijibu, "Ningekuwa mkuu wa shule wewe ungekuwa benchi." Tukacheka. Dereva wa bodaboda wa ile helmeti, mtu wa Shinyanga mwenye mdomo mrefu, alikaa benchi mara nyingi hata wakaliita la kwake. Lakini alikuwa akinipenda. Akifika lazima aseme kwa sauti, "Jaji Mkuu, shikamoo!" Na mimi, nasema ukweli, nilipenda kuitwa hivyo.

Nami nilicheza. Mtu wangu alikuwa lijitu lenye ngao, kazi yake kusimama mbele. Masikio yangu yameharibiwa na winchi za meli, kwa hiyo simu yangu ilikuwa ikitoa sauti kubwa, chumba kizima kinasikia.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuja tena. Walishuka kwenye meli kwa maelfu, wakajaa kiwanja cha mpira, wakapelekwa makambini. Waliobaki mjini walikuwa na vibali vya siku kadhaa, au hawakuwa na kitu na walikuwa wakitembea wakiangalia nyuma.

Mmoja wao alianza kuja kwangu. Mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, mwembamba, kibali chake amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alitoka kambini na mama yake mgonjwa, mama amelazwa hospitali, yeye analala Katubuka, nyumba yenye geti la bluu karibu na kisima, kwa mama mmoja Mrundi wa zamani, wale waliokuja enzi za wazazi wao wakawa wenyeji. Mchana akitoka kupeleka chakula hospitali alikuwa akipita kwangu, anakaa muda wa saa moja, saa moja na nusu. Alinisalimia vizuri, akakaa pembeni, akacheza kwa intaneti yangu, maana simu yake haikuwa na laini.

Na alijua. Yeye alikuwa mponyaji. Ukiumia, kabla hujaita, amekwisha fika. Watu waliokuwa wakigombana nani awe na nani wakaanza kugombania kuwa naye. Dereva wa bodaboda alimwita "Sista wa Wodini". Hakuwa mwongeaji. Ila nilimwona kitu kimoja: kila mchezo ukiisha alikuwa anafungua orodha ya marafiki zake wa kwenye gemu, anaiangalia mpaka chini, anaifunga. Orodha yenyewe ilikuwa na majina yaliyofifia, yasiyo hewani.

Nikamuuliza siku moja, "Humo unatafuta nini?"

"Mtu, Mzee."

"Mtu gani?"

"Mtu tu." Akatabasamu, akaanza mchezo mwingine. Sikumfuatilia.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo chumba kile hakikulijua, wala bandari haikulijua. Mama yangu mzazi alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Alikuja msichana na jembe, akalima vibarua Simbo, baba akamwoa hukohuko. Mimi ni Muha, nimezaliwa hapa na nitazikwa hapa, lakini nilichapwa kwa Kirundi, nikabembelezwa kwa Kirundi. Na Muha yeyote anakisikia Kirundi hata kama hana mama kama wangu, lugha zimelala kitanda kimoja. Lakini miaka yote watu walikuwa wakisimamishwa njiani na watu wa uhamiaji, wanaambiwa sema hili, sema lile, na ukilisema vibaya unapandishwa gari mpaka ndugu zako waje na vyeti. Mimi cheti cha kuzaliwa sina. Nilichokuwa nacho ni jina langu na kelele zangu. Basi toka ujana nilijifanya sikijui. Bandarini walipokuja wenye mizigo kutoka Bujumbura nilikuwa naita mkalimani. Nyapara mzima, nasimama natafsiriwa maneno ambayo mama yangu alinigombeza nayo.

Siku yenyewe chumba kilikuwa kimejaa. Tulikuwa watano upande wetu: mimi, dereva wa bodaboda, fundi viatu, mwalimu na yule dada. Mwalimu akapigiwa simu na mkuu wake, akatoka mbio kabla mchezo haujaanza. Nafasi moja ikawa wazi. Yule dada akafungua orodha yake kama kawaida. Nikamwona mkono umeganda. Jina moja lilikuwa limewaka kijani.

Akalibonyeza. Mtu akaingia timu yetu. Mchezo ukaanza.

Halafu kwenye spika yangu, kwa sababu simu yangu ilikuwa ndiyo yenye kelele, ikatoka sauti ya mwanamume. Ilimwita dada jina lake la utoto. Yule dada akaweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kuongea, haraka haraka, Kirundi tupu, na mtu wake kwenye gemu amesimama palepale, haponyi mtu.

Nilisikia kila neno. Alimwambia, wewe, uko hai. Yule akasema niko hai, niko Msumbiji, nafanya kazi dukani kwa mtu, laini sina maana laini inataka kitambulisho, intaneti ya bosi naipata akitoka tu. Akauliza, *mama ari hehe?* Mama yuko wapi? Dada akasema mama yuko hapa Kigoma, hospitali, hali si nzuri, kila siku anakutaja wewe. Shika namba hii, ni ya simu ya mwenye nyumba ninapolala, azima simu kwa mtu upige kesho asubuhi, nitampelekea mama wodini aisikie sauti yako. Akaanza kumtajia namba.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekufa. Dereva wa bodaboda naye amekufa mara ya pili.

"We Sista! Ponya! Tunachinjwa huku!"

Dada hakusikia. Anataja namba.

"Anaongea na nani huyu? Jamani, anawaambia wale tulipo! Si mnaona wanatufuata kila kona?"

Fundi viatu akasema, "Kweli bwana, wanatukuta kila tukijificha."

"Jaji! Sheria!" dereva akapaza sauti.

Mimi nikafanya nilivyozoea. Nikasema, "Dada, simu mezani."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Mzee, dakika moja. Namba imebaki kidogo."

"Simu mezani. Ndiyo sheria, wala sijakutungia wewe."

Dereva akanyosha mkono akaichukua yeye, akaiweka mezani kifudifudi. Ile namba ilikuwa imebaki tarakimu tatu. Naijua hesabu hiyo kwa sababu nilikuwa nazisikia.

Dada akasimama. Akasema kwa Kiswahili chake, akivutavuta maneno, "Ni kaka yangu. Tulipotezana kwenye kukimbia. Tulikuwa tunacheza hii wote, nyumbani. Nilisema kama yuko hai, iko siku atawasha. Leo amewasha. Nilikuwa ninamupa namba."

Dereva akasema, "Kila mtu akikamatwa ana kaka." Lakini hakuwa na uhakika, nilimsikia. Akanigeukia. "Mzee, wewe si Muha? Kirundi na Kiha si kitu kimoja? Ulikuwa unasikia kwenye simu yako. Ni kaka yake kweli?"

Wote wakanitazama. Na mle ndani, karibu na mlango, alikuwepo mtu nisiyemjua, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, simu yake iko kwenye chaji. Toka alipoingia nilikuwa nimempima: huyu ni wa serikali. Huyu ni wa uhamiaji.

Nikasema, "Mimi hicho sikijui. Mimi ni mtu wa hapa."

Yule dada alinitazama. Akaniuliza taratibu, kwa lugha yake, "*Ntiwumva*, Mzee?" Huelewi?

Nikageuza uso. Nikasema, "Mikono."

Wakanyosha. Fundi viatu alinyosha nusu nusu, kisha akaupandisha wote. Siku saba benchi, na kwa sababu niliita kosa hilo usaliti, kila aliyekuwemo akafungua simu yake akamripoti. Nami niliripoti. Nilibonyeza kwa kidole hiki. Yule dada hakukaa benchi. Alichukua simu yake, akaangalia, mchezo umeisha, jina la kaka yake limefifia. Akatoka.

Mwenye shati la pasi akachomoa chaji yake. Akaniuliza kama namjua mtu mwenye jokofu bovu. Alikuwa fundi wa majokofu.

Kesho yake asubuhi nikiwa nafagia baraza alikuja. Hakuingia. "Mzee, shikamoo. Nipe dakika tano tu. Nitasimama hapa nje. Kama amewasha nimupe zile namba tatu, niende."

Mtu mwenye akili angempa. Usiku wote nilikuwa nimejigeuza kitandani, nikajiambia akija nitampa. Lakini alipokuja kweli, nikaona nikimpa ni kukiri kwamba najua anachosema ni kweli, na nikikiri hilo ni kukiri kwamba jana nilielewa. Nikamwambia, "Siku saba ni siku saba. Nikikuvunjia wewe sheria, wengine watasemaje?"

Akasema, "Sawa, Mzee." Bila hasira. Ningependa angenitukana.

Siku ya tatu, nilikuja kujua baadaye, yule mama wa Katubuka alinunua bando kwenye simu yake mwenyewe, akamgawia yule dada. Akafungua gemu. Akaunti ilikuwa imefungwa. Orodha yake ya marafiki ilikuwa imekwenda na akaunti, na jina la kaka yake hakuliweza kulitafuta upya, maana lilikuwa la alama tupu, nyota na mataji na herufi za kigeni. Tulikuwa tumemripoti watu wengi mno. Mfumo wangu ulikuwa umefanya kazi vizuri sana.

Wiki haikuisha, mama wa Katubuka akasimama mlangoni kwangu. Mwanamke mpana, kanga amejifunga kiunoni kama anakwenda kuchota maji. Hakusalimu.

"Yule bibi amefariki," akasema. "Binti yake alinikataza nisije kukuambia. Alisema haina maana. Mimi nimekuja."

Nikasema pole.

"Pole mpe mwenyewe. Amekwisha rudi kambini, kibali kimeisha. Mpaka anakata roho yule bibi alikuwa akiuliza, amepiga? Kila simu ya mtu ikilia wodini anauliza, ni yeye?" Akaniangalia kuanzia miguuni. "Nasikia wewe hukijui Kirundi."

Akaondoka. Mke wangu, nyuma ya pazia, alikuwa ameacha kuchambua dagaa. Yeye anajua mama mkwe wake alizaliwa wapi. Alimwuguza mpaka mwisho. Chakula cha mchana alikileta akakiweka mezani, akaenda kula jikoni.

Watu walisahau. Chumba kikaendelea. Mimi nikaendelea kuitwa Jaji Mkuu, nikawa naitikia.

Ulipita kama mwezi. Mchana mmoja tumeshika simu, tumepungukiwa mtu mmoja, likaja ombi kwangu, mtu anataka kuingia timu yetu. Sikulisoma jina, siwezi kusoma yale majina. Nikabonyeza ndiyo. Mchezo ukaanza, na kwenye spika yangu ikatoka ile sauti.

Alisema kwa Kirundi, taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno, kwamba anamtafuta dada yake. Akaunti yake imetoweka. Amepekua michezo yake ya mwisho akaona alikuwa akicheza nasi, sisi sisi, kila siku. Anaomba mtu amwambie yuko wapi. Kuna mtu anayemwelewa? "*Hari uwunyumva?*"

"Mrundi mwingine!" akacheka dereva wa bodaboda. "Jaji, gemu hili limekuwa kambi."

Mimi, na ngao yangu, nikazima simu. Katikati ya mchezo. Nikatoroka.

Chumba kililipuka. "Mzee katoroka! Jamani, Jaji katoroka!" Dereva alipanda juu ya kiti. "Mikono! Mikono!" Wote wakanyosha, mpaka waliokuja kuchaji tu. Walicheka hadi machozi. Nikanyanyuka, nikaenda kukaa kwenye benchi langu mwenyewe, wakadhani nafanya mzaha nao. Siku saba nilikaa pale. Mwalimu alinipiga picha.

Benchini tulikuwa wanne siku ile ya nne au ya tano: mimi, fundi viatu, muuza mitumba, na dereva wa bodaboda ambaye kama kawaida alikuwa amemtukana mtu. Wanne wa benchi, wa tano hatuna. Wa ndani haruhusiwi kucheza nasi. Na ombi likaja tena kwangu. Nilijua ni yeye. Niliziona zile nyota.

Nikabonyeza ndiyo.

Sauti ikasema yaleyale. Safari hii hakuyapanga. Alisema, ndugu zangu, kama kuna anayenielewa. Namba aliyokuwa akinipa ilikatika, zimebaki tatu. Naazima simu za watu, nazijaribu moja baada ya nyingine, sifuri sifuri sifuri, sifuri sifuri moja. Nimefika mia nne na kitu. Watu wananitukana. Wenye simu wamechoka kuniazima. Nina robo saa, bosi anarudi.

Nikasema, "*Ndumva*."

Nasikia. Ndilo neno nililosema. Sikulisema toka mama yangu afe.

Dereva wa bodaboda akageuka kunitazama, mdomo wazi. Mimi nikaendelea. Lugha ilitoka kama ilikuwa imekaa nyuma ya meno. Nilimwambia ninajua dada yake alikokuwa akilala, namba ni ya mwenye nyumba, asubiri, asiondoke. Kisha nikamwambia dereva, "Washa pikipiki. Nenda Katubuka kwa yule mama Mrundi mwenye geti la bluu karibu na kisima. Mwambie kaka amepatikana. Mlete sasa hivi."

"Kaka wa..."

"Wa Sista. Nenda!"

Hakuuliza tena. Aliacha simu yake benchini, mtu wake kasimama tu ndani ya gemu. Mimi wangu kasimama, wa Msumbiji kasimama. Fundi viatu na muuza mitumba wakabaki wawili wanapigana na watano ili mchezo usiishe, maana ukiisha tunaweza kumpoteza. Fundi viatu alikuwa anatokwa jasho. "Jaji, wanaingia kushoto! Jaji, nitakufa!" "Usife," nikamwambia.

Yule kaka akaniuliza, "Baba, wewe ni nani kwake?"

Nikasema, "Mimi ndiye mwenye chumba alichokuwa akichezea."

"Namba ilikatika kwa nini? Mtandao?"

Hapo ningeweza kusema mtandao. Alikuwa amenipa jibu mwenyewe. Nikasema, "Hapana. Mimi niliagiza anyang'anywe simu. Na nilikuwa nawasikia."

Nikasikia huko kwake mlango wa duka, mtu anauliza bei ya sabuni, naye anajibu kwa Kireno. Kisha akarudi. Hakuligusa nililosema. Aliuliza, "Na mama?"

Pikipiki ikafunga breki mbele ya baraza. Mama wa Katubuka akashuka kabla haijasimama sawasawa. Akanyosha mkono, nikampa simu. Nikaanza kumweleza, mama, anauliza habari ya...

"Nimesikia anachouliza. Hiyo nitampa mimi. Wewe huna ya kumpa."

Kwanza alimtajia zile tarakimu tatu. Akamwambia azirudie. Akazirudia. Akamwambia azirudie tena. Ndipo akaketi, kwenye benchi, mahali pangu, akasogeza simu karibu na mdomo, akamwita mwanangu, akamwambia. Spika ilikuwa kubwa vilevile. Sikuwa na pa kwenda nisisikie. Hakulia yule kijana, aliuliza tu maswali: siku gani, nani alimwosha, kaburi liko upande gani wa barabara. Mama wa Katubuka alijibu moja moja. Kisha sauti ikakatika, sijui ni bosi amerudi au mchezo umeisha. Fundi viatu alikuwa ameweka simu yake chini zamani.

Mama akanirudishia simu bila kunitazama. Akasema atapiga kambini kwa jirani yake yule binti, amwambie kaka yake atapiga Jumapili, atafute namna ya kufika kwenye simu.

Nikasema, "Mwambie..." 

Akangoja.

"Nitamwambia uliongea," akasema. Akaenda kusimama kando ya pikipiki.

Dereva wa bodaboda hakupanda. Alikuwa ameshika helmeti kwa mikono miwili.

"Mzee. Siku ile ulikuwa unaelewa."

"Nilielewa."

"Yote?"

"Yote."

"Mimi nilikuuliza. Nilikuuliza wewe, nikanyosha mkono kwa sababu ya jibu lako. Mimi ndiye niliyemnyang'anya simu." Alikuwa mtu wa kelele siku zote, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo hata nikalazimika kumtazama mdomo. "Ungesema tu ndiyo, Mzee. Neno moja."

Nilitaka kumweleza habari ya mama yangu, na magari, na yule fundi wa majokofu. Nikaona ni vile vile tu, mtu akikamatwa ana kaka.

Akavaa helmeti, akampeleka mama wa Katubuka kwake. Jumapili ilifika ikapita. Kama walipigiana simu, sijui. Sikuwa mtu wa kuletewa habari hiyo, na kwenda kuuliza nilishindwa. Mara mbili nimefika mpaka pale kisimani, nikaliona geti, nikageuza.